Shajara ya fagio: lini zana ya terminali imuulize mtu kabla ya kutenda

4 Machi

Nimeianza upya fagio, zana ndogo ya terminali (dirisha la kuandika amri) niliyowaandikia watu wa redio ya jamii ninayoisaidia mwisho wa wiki. Kazi yake ni kupanga rekodi: kuzitoa kwenye flashi za waandishi, kuzipa majina yanayofuata tarehe, kuzihamishia diski ya akiba, na kufuta zile ambazo muda wake umekwisha. Naianza upya kwa sababu toleo la 0.3 limefuta folda nzima ya mahojiano na wazee wa bonde la Rufiji wakisimulia mafuriko waliyoyaona. Tumepata kama nusu kwenye flashi ambazo kwa bahati zilikuwa hazijasafishwa. Nusu nyingine haipo tena. Wazee wawili kati ya wale wameshatangulia mbele ya haki, hivyo hakuna kusema tutarudi kurekodi.

Jambo la kwanza nililotaka kujua ni kama fagio iliuliza kabla ya kufuta. Iliuliza. Niliiandika mimi mwenyewe, najua mstari wenyewe: "Una uhakika? (y/n)", y kwa yes (ndiyo), n kwa no (hapana).

Aliyekuwa kwenye kibodi ni dada mhariri wa vipindi, mtu makini kuliko wengi ninaowafahamu, anayesikiliza kipindi cha dakika 30 mara tatu kabla hakijaenda hewani. Aliniambia: "Kaka, kiliniuliza na nikakijibu. Lakini ukitaka nikwambie kiliniuliza nini, sijui."

Leo nimekaa pembeni yake tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana bila kusema neno, nikihesabu. Fagio imemuuliza mara 41. Una uhakika unataka kunakili faili hii? Una uhakika unataka kubadilisha jina? Una uhakika unataka kuhamisha? Kati ya maswali hayo 41, matatu tu yalihusu jambo lisiloweza kurudishwa. Nimeuangalia mkono wake wa kulia: kidole cha shahada kimekaa juu ya y, kidole cha mwisho juu ya Enta, na mkono hauondoki hapo. Macho yako kwenye karatasi ya ratiba. Swali likitokea, vidole vinagonga viwili kwa mpigo, tak-tak, kabla sentensi haijamaliza kujiandika.

Mkono ule nimeufundisha mimi. Mara 38 kila asubuhi nimemwambia kwamba jibu sahihi ni y, na kwamba kusoma hakuna faida. Siku swali lilipokuja na maana, lilikuta mkono umeshazoea.

6 Machi

Kabla ya kugusa msimbo nimepitia zana ninazozitumia kila siku, nione waliotangulia walilitatuaje.

Amri ya rm, ya kufuta faili kwenye Linux, kwa kawaida haiulizi kitu. Unaitaja faili, inakwenda. Itauliza yenyewe pale tu faili ilipozuiwa kuandikwa na pale mtu yupo kweli kwenye terminali. Ukiipa chaguo la -i inauliza kwa kila faili, moja baada ya nyingine, na hapo ndipo tunarudi kwenye ule mkono wa tak-tak. Ile ya GNU, seti ya zana zinazokuja na Linux nyingi, ina pia -I, kwa herufi kubwa: inauliza mara moja tu, kama faili zinazidi tatu au kama unafuta folda na vilivyomo. Hiyo -I naipenda sana. Ina hisia ya kiasi.

Kuna mifumo ya Linux ya ukoo wa Red Hat ambayo msimamizi mkuu, yaani root, hukuta rm imeshageuzwa kuwa rm -i bila yeye kuomba. Nia ni njema, lakini nimeona matokeo yake kwa macho yangu: mtu anazoea kuandika rm kwa ulegevu akitegemea ataulizwa, kisha siku anaingia kwenye mashine isiyo na mtego huo. Au anachoka kuulizwa na kuanza kuandika rm -rf, yaani futa yote bila kuuliza, kwa kila kitu, hata kwa faili moja. Swali limemfikisha pabaya kuliko angekuwa hana.

fdisk, zana ya kugawa diski, imechukua njia nyingine kabisa. Unafuta sehemu za diski, unaunda mpya, unabadilisha aina, na yote hayo yanakaa kwenye kumbukumbu tu mpaka uandike w. Ukiondoka kwa q, diski haijaguswa. Haikubughudhi katikati ya kazi. Inakuacha upange, kisha inasubiri neno moja mwishoni. Git nayo, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, ukiandika git clean (ya kufuta faili za ziada) bila chaguo lolote, haiulizi: inakataa, na inakwambia kwamba hukuweka -f. Na chaguo lake la -n linakuonyesha tu kitakachofutwa.

Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh pale Apple mwaka 1979, alishikilia jambo hili kwa miaka mingi: swali la kuthibitisha linalojibiwa kwa namna ileile kila mara halichukui muda kugeuka kuwa sehemu ya amri yenyewe. Mtu haandiki tena "futa" kisha "ndiyo". Anaandika "futa-ndiyo", neno moja. Dawa aliyoitetea ilikuwa kumpa mtu uwezo wa kutengua. Nimeona kwa dada mhariri kwamba alisema kweli.

7 Machi

Bado naliwaza la jana, kwa sababu kuna kisa kimoja kinachonifanya nisitosheke na jibu la "punguza maswali" peke yake.

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kutunza msimbo mtandaoni, usiku, akihangaika kurekebisha nakala ya hifadhidata iliyokuwa imebaki nyuma, alifuta folda ya data. Alidhani yuko kwenye seva ya pili. Alikuwa kwenye seva kuu. Alipogundua na kusitisha, katika takriban GB 300 zilibaki kama GB 4.5. Njia za nakala rudufu walizozitegemea hazikufaa, na mwishowe walirudisha kutoka kwenye nakala iliyochukuliwa saa sita kabla. Kampuni yenyewe iliyaeleza yote hadharani, kwa uwazi ambao naushukuru mpaka leo.

Sasa jiulize: kama rm ingemwuliza mhandisi yule "una uhakika?", angejibu nini? Angejibu ndiyo. Alikuwa na uhakika. Alichokosa ni kujua yuko kwenye mashine gani, na swali la uhakika halimwambii mtu asichokijua. Linamrudishia tu kile alichonacho tayari. Katika marekebisho waliyoyaorodhesha baadaye, mojawapo lilikuwa kubadilisha maandishi ya mwanzo wa mstari wa terminali ili yaonyeshe waziwazi mtu yuko kwenye seva ipi.

Debian, mfumo mwingine wa Linux, wana kifurushi kiitwacho molly-guard kinachofanya hivyohivyo kwa upande wa kuzima mashine. Ukiwa umeingia kwenye seva kwa ssh, yaani kutoka mbali kupitia mtandao, na ukaamuru izimwe, hakikuulizi kama una uhakika. Kinakutaka uandike jina la mashine unayotaka kuizima. Ukiandika jina la ile unayoifikiria, na siyo hiyo, hakuna kinachozimika. Jina lake limetokana na binti mdogo wa mtaalamu mmoja wa kompyuta, Molly, aliyeibonyeza swichi kubwa nyekundu ya kompyuta ya IBM 4341 mara mbili kwa siku moja, mpaka wakaifunika kwa kipande cha plastiki ngumu.

Hata kwenye simu tunalijua jambo hili. Ukituma pesa, kinachokuokoa ni jina la mpokeaji kutokea kwenye kioo kabla hazijaondoka. Kenya huduma hiyo ya M-Pesa imepewa jina zuri, Hakikisha. Unaona jina, unagundua kwamba umekosea tarakimu moja, unasitisha. Kama ingesema "Una uhakika unataka kutuma?" bila jina, wangapi wangesitisha?

Basi kwa fagio nimeandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari: swali lisitokee kama halina la kumwambia mtu.

9 Machi

Nimeondoa maswali yote ya kunakili, kubadilisha jina na kuhamisha. Badala yake kila tendo linaandikwa kwenye faili ya historia, na nimeongeza amri ya fagio rudi. Ukikosea, andika rudi, jina la zamani linarejea. Ilinichukua jioni moja. Nasikitika kwamba sikuifanya mwaka jana.

Kufuta ni kazi kubwa zaidi. Fagio futa sasa haifuti, inapeleka kapuni. Sikubuni kapu langu. Nimefuata utaratibu uleule ambao mazingira ya dawati ya GNOME na KDE kwenye Linux yanautumia: ndani ya ~/.local/share/Trash kuna folda mbili, moja ya faili zenyewe na nyingine ya taarifa zake, na kila faili iliyotupwa ina kijifaili cha .trashinfo kinachosema ilitoka wapi na ilitupwa lini. Faida yake ni kwamba hata mtu asiyejua terminali anaweza kulifungua kapu kwa kipanya na kuona rekodi zake.

Kwa hiyo futa nayo haiulizi tena. Inatenda, kisha inasema:

```
Faili 12 zimepelekwa kapuni. Kuzirudisha: fagio rudi
```

Kilichobaki cha kuuliza ni kimoja: fagio tokomeza, inayofuta moja kwa moja bila kupita kapuni, au inayolimwaga kapu lenyewe.

10 Machi

Kapu limeleta shida ya flashi. Mwandishi mmoja amekuja na flashi ya GB 16, amefuta rekodi zote kwa fagio, na flashi bado inasema imejaa. Ukiitazama kwa ls, amri ya kuorodhesha faili, huoni kitu. Ukiweka ls -a unaiona: .Trash-1000, folda iliyofichwa, na ndani yake rekodi zote zimejikalia. Ndivyo utaratibu ule unavyotaka, kapu la flashi likae kwenye flashi hiyohiyo, kwa sababu kuhamisha faili ndani ya diski moja ni kubadilisha anwani tu, lakini kuihamishia diski nyingine ni kuinakili nzima. Kwa rekodi za WAV za ubora wa CD, ambazo kila dakika inakula kama MB 10, kunakili ni kusubiri.

Nimeongeza mstari wa pili kwenye ujumbe: "Nafasi haijaongezeka: GB 14 bado ziko kapuni kwenye flashi hii." Huu hauhitaji jibu. Ni taarifa, na nadhani nusu ya maswali niliyokuwa nayo yalipaswa kuwa taarifa tangu mwanzo.

13 Machi

Leo nimeshughulikia lugha, na ndipo nilipokutana na jambo lililonikalisha mpaka usiku.

Nilipoitafsiri fagio kwa Kiswahili mwaka jana niliacha y na n kama zilivyo, nikisema watu wameshazizoea. Lakini ni aibu kumwandikia mtu sentensi nzima ya Kiswahili kisha kumtaka ajibu kwa herufi ya lugha nyingine. Nimeamua iwe ndiyo na hapana, n na h. Nikaandika: "Endelea? (n/h)".

Kisha nikasimama. Katika kila zana nyingine kwenye mashine ileile, n ni kukataa. Apt, ya kuweka programu, inasema Y/n, mkfs, ya kuandaa diski, inasema y,N, na mtu anayetaka kujitoa anagonga n bila kufikiri. Kwenye fagio sasa n ni kukubali. Herufi moja, mashine moja, kidole kimoja, na maana mbili zinazopingana. Wafaransa wana o ya oui, Wajerumani wana j ya ja, hizo hazigongani na n. Wagiriki ndio wenzetu: neno lao la kukubali ni nai.

Mfumo wenyewe unalijua suala hili kwa kiasi. Maktaba ya glibc, ambayo programu nyingi za Linux huitegemea, ina mipangilio ya Kiswahili, sw_KE na sw_TZ, na kila lugha katika maktaba hiyo ina mahali panapoeleza jibu la kukubali linaanza na herufi zipi na la kukataa zipi. Kuna tendo la lugha ya C liitwalo rpmatch linalosoma hapo, na rm ya GNU hupima jibu lako kwa kulitumia hilo. Lakini kujua kwamba n inaweza kuwa ndiyo hakusaidii kidole cha fundi aliyezoea n miaka ishirini.

Nimemwuliza mzee wa mitambo, fundi wa zamani pale redioni. Shikamoo, marahaba, nikamwonyesha swali. Nikamwambia hataki kuendelea, afanye nini. Akagonga n. Sikumweleza chochote. Nikaenda kwa kijana anayejitolea, amejifunza kompyuta kwa Kiswahili darasani mwaka huu. Nikamwambia anataka kuendelea. Naye akagonga n.

Sina suluhisho leo. Kwa muda nimeacha n/h na kuandika maneno kamili pembeni: n = ndiyo, h = hapana. Sijaridhika.

17 Machi

Kazi ya usiku imenionyesha kosa jingine, na hili ni la kwangu moja kwa moja.

Kila saa tisa usiku cron, programu inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, inaendesha fagio kufuta rekodi ambazo muda wake umekwisha. Cron haina mtu. Hakuna kibodi, hakuna anayesoma swali. Katika Python, lugha niliyoiandikia fagio, tendo la input likikuta hakuna cha kusoma linatupa hitilafu ya EOFError. Nimefungua msimbo wangu wa zamani nikakuta nimeikamata hitilafu hiyo na kuihesabu kama mtu aliyebonyeza Enta bila kuandika kitu. Na katika toleo lile, Enta tupu ilikuwa ndiyo.

Maana yake kwa miezi kadhaa fagio imekuwa ikiuliza chumba kisicho na mtu, na ukimya ikauchukua kuwa ruhusa.

Nimerekebisha hivi. Kwanza, fagio inaangalia kwa isatty kama kweli kuna terminali upande wa pili. Kama hakuna, haiulizi kamwe. Inakataa, inatoka na namba ya 2, na kuandika: "Hakuna mtu wa kuthibitisha. Kwa kazi za usiku tumia --bila-kuuliza." Anayeandika chaguo hilo ameamua mchana, akiwa macho, na uamuzi wake unaonekana kwenye faili ya cron kwa kila atakayeisoma. Pili, Enta tupu ni kuacha. Siku zote, kwenye kila swali.

Kuna atakayesema mtu anaweza kuandika yes | fagio tokomeza. Ni kweli. Amri ya yes ipo tangu Unix toleo la 7 la mwaka 1979, na kazi yake yote ni kumwaga y mstari baada ya mstari bila kukoma. Kuwepo kwake kwa miaka yote hii kunatosha kunieleza jinsi watu walivyochoka na maswali. Lakini isatty itaiona hiyo pia: upande wa pili kuna bomba (ile alama ya |), siyo mtu.

20 Machi

Yametokea. Kwa bahati yametokea kwenye folda ya majaribio.

Kijana wetu alinakili mistari miwili kutoka kwenye kikundi cha WhatsApp cha mafundi na kuibandika kwenye terminali kwa pamoja:

```
fagio tokomeza majaribio
nano orodha.txt
```

Mstari wa kwanza ukaanza kazi, fagio ikauliza (n/h), na mstari wa pili, uliokuwa umeshaingia kwenye foleni ya kibodi, ukawa ndio jibu. Fagio ilikuwa ikisoma herufi ya kwanza tu. Herufi ya kwanza ya nano ni n. N ni ndiyo.

"Kaka, mimi sijajibu kitu," ananiambia, na anasema kweli. Hakuna aliyejibu.

Mashine ile ina Ubuntu 20.04, na bash yake, programu inayosoma amri kwenye terminali, ni 5.0. Kuanzia bash 5.1, iliyotoka Desemba 2020, maandishi yaliyobandikwa hushikiliwa yote na bash yenyewe mpaka ubonyeze Enta, hivyo mstari wa pili hauifikii programu nyingine kama jibu. Lakini siwezi kuwaambia watu wa redio wanunue mashine kwa ajili ya zana yangu. Nimeongeza termios.tcflush kabla ya kila swali, ili kilichogongwa kabla ya swali kuonekana kitupwe. Jibu la swali haliwezi kuja kabla ya swali. Haizibi kila kitu, maana kinachoingia baada ya hapo bado kinasomwa, lakini imeziba hili.

Na herufi moja nimeiacha kabisa. ssh ilishafanya hivyo zamani: ukiunganishwa na seva mpya na kuandika y, haikubali, inakutaka uandike neno zima. Nilijaribu kutaka "ndiyo" kamili, nikakuta watu wanaandika ndio, ndiyo, sawa, na mmoja naam. Kuzikubali zote ni kufungua tena mlango niliokuwa nafunga. Jioni nikapata jibu, na lilikuwa jepesi: usimwombe mtu akubali, mwombe aseme tendo. Aandike "tokomeza". Kitenzi hakina ndiyo wala hapana ndani yake, hakigongani na Kiingereza, na mzee wa mitambo na kijana wote wanakisoma namna moja.

23 Machi

Kitenzi nacho kitazoeleka. Nimejaribu mwenyewe mara kumi mfululizo, na mara ya nane vidole vilikuwa vinaandika tokomeza huku nawaza chakula cha jioni.

Kisa cha apt kinafundisha hili vizuri. Ulipotaka kuondoa kifurushi ambacho mfumo hauwezi kuishi bila hicho, apt ilikuwa ikikutaka uandike sentensi nzima ya Kiingereza yenye maana ya "Ndiyo, fanya ninavyosema!", na alama ya mshangao juu yake. Mwaka 2021 Linus Sebastian, mtangazaji maarufu wa mambo ya kompyuta kwenye YouTube, alikuwa akijaribu kuweka Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, mfumo mmoja wa Linux. Kwa sababu ya kasoro ya vifurushi siku hizo, apt ikataka kuondoa mazingira yote ya dawati. Ilimwonya. Alisogeza orodha ndefu, akafika chini, akaona sentensi ya kuandika, akaiandika. Akabaki na kioo cheusi chenye maandishi. Watu walimcheka, nami sikuona cha kuchekesha. Zana ilimpa kazi ya kunakili sentensi, naye akainakili. Baada ya hapo apt ilibadilishwa iwe ngumu zaidi kuvunja mfumo kwa njia hiyo, na naona walifanya sawa, kwa sababu pale hapakuwa mahali pa kuuliza. Palikuwa mahali pa kukataa. rm ya GNU ilifika huko mapema: tangu 2006 rm -rf / haiulizi chochote, inakataa tu, na anayeitaka kweli lazima aandike chaguo refu la --no-preserve-root.

Kwa hiyo fagio sasa inakataa kutokomeza mzizi wa /data, na inakataa kutokomeza diski ya akiba yenyewe. Hakuna swali, hakuna neno la siri. Atakayehitaji atumie rm, na awe anajua.

Kwa folda za kawaida, neno la kuandika ni jina la folda husika. Kila folda ina jina lake, hivyo vidole havina cha kukariri. Na juu yake nimeweka yale ambayo mtu hayajui. Hii ndiyo skrini niliyoimaliza leo, baada ya kuiandika upya mara sita:

```
Zitatokomezwa bila kupita kapuni:
  mashine   studio-2
  folda     /data/mahojiano/pwani
  faili     212 (GB 18.4)
  akiba     faili 37 HAZIMO kwenye diski ya akiba
Andika jina la folda kuendelea. Enta kuacha:
```

Mstari wa akiba ndio uliochukua muda. Fagio inalinganisha kila faili na ile iliyopo kwenye diski ya akiba kwa ukubwa na alama ya sha256, inayokokotolewa kutoka kwenye maudhui yake, na kwa folda ya GB 18 hiyo ni dakika kadhaa za kusubiri. Nilifikiria kuruka hatua hiyo. Nimeiacha. Mtu anayetaka kufuta kitu kisirudi tena anaweza kusubiri dakika kadhaa.

2 Aprili

Toleo la 0.5 limekaa redioni siku tano. Leo nimerudi kukaa pembeni ya dada mhariri, saa mbili hadi saa sita, kama mara ya kwanza.

Maswali mawili.

La kwanza lilikuwa folda ya matangazo ya zamani, faili zote ziko akiba. Alisoma, akaandika jina, akaendelea. La pili lilikuwa karibu na saa tano, ndiyo ile folda ya pwani. Niliuangalia mkono wake. Ulisimama, kisha ukaondoka kwenye kibodi kabisa, ukashika kioo, kidole juu ya namba 37.

Akamwita kijana: "Mdogo wangu, hebu njoo. Hizi thelathini na saba mbona hazijaenda akiba?"

Kijana akainama, akasoma. Zilikuwa rekodi za Jumamosi, flashi ilichomolewa kabla kunakili hakujaisha. Dada akabonyeza Enta, fagio ikaandika "Hakuna kilichoguswa", wakaenda kuitafuta flashi.

Kilichobaki: kazi ya usiku inayolinganisha studio na diski ya akiba inatumia rsync --delete, inayofuta akiba chochote kisichopo studio, na hiyo haiulizi wala haitaki kujua. Folda ya studio ikiwa tupu kwa makosa, usiku huohuo akiba nayo itakuwa tupu. Kuna chaguo la --max-delete linaloweka kikomo cha faili za kufutwa kwa mkupuo mmoja. Jumamosi naliweka, nianze na 20, na ikizidi hapo nitumiwe ujumbe niamke.